Nani Anauhesabu Muziki wa Kinoo?

Jumamosi jioni, kutoka Uthiru hadi Kinoo, pembezoni mwa Nairobi, huwezi kutembea hatua hamsini bila kukutana na wimbo. Matatu zinazotoka mjini zinashusha abiria huku spika zikitikisa vioo. Kinyozi amefungulia redio ya Kikuyu. Mama mboga ameegemeza simu kwenye debe la nyanya na YouTube inamwimbia injili. Kwenye baa ya ghorofa ya kwanza, mpiga gitaa mmoja anajaribu nyuzi akisubiri watu wa mugithi, muziki wa Kikuyu wa gitaa, wajae. Ukimwuliza yeyote kati ya hao ni wimbo gani unaotamba, atakutajia papo hapo. Ukiuliza wimbo huo umeuza kiasi gani, hakuna anayejua, na mara nyingi hata aliyeuimba hajui.

Jambo hilo huwa tunalieleza kwa neno moja, uharamia, halafu tunanyamaza. Uharamia upo na umewaumiza wengi, lakini hauelezi kila kitu. Kila kipimo cha mauzo ya muziki kilichowahi kubuniwa kinapima mahali pesa zinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hakipimi mahali watu wanaposikiliza. Pale mambo hayo mawili yanapokwenda pamoja, kipimo huonekana cha haki. Kwetu yaliachana zamani, na matokeo yake ni kwamba muziki unaosikika zaidi mitaani ndio usioonekana kwenye daftari lolote.

Hata Marekani, ambayo dunia imeichukua kuwa mwalimu wa hesabu hizi, ilikisia kwa miaka mingi. Jarida la Billboard lilikuwa likipata orodha zake kwa kuwauliza wenye maduka ni santuri zipi zinatoka. Mwenye duka aliweza kutaja anayoipenda, au iliyomjazia stoo na anataka iondoke. Uingereza nako, orodha ya kwanza ya jarida la NME mwaka 1952 ilipatikana kwa kupigia maduka simu. Kisha Mei 1991 Billboard ikaanza kutumia SoundScan, mfumo uliochukua hesabu moja kwa moja kutoka kwa mashine inayosoma mistari ya bei kwenye kaunta. Juni mwaka huo huo albamu ya N.W.A, kundi la rap kutoka Compton, ikakalia namba moja. Septemba, Garth Brooks wa muziki wa kantri akaingia kileleni wiki ya kwanza tu. Wapenzi wa rap na kantri hawakuzaliwa mwaka 1991. Walikuwa wakinunua siku zote, ila waliokuwa wakiulizwa kwa simu hawakuwataja.

Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika historia ya vipimo vya muziki: ukibadilisha njia ya kuhesabu, wanaoonekana nao hubadilika, ilhali masikio ya watu yamebaki yale yale. Kenya bado haijafika Mei 1991 yake.

Si kwamba hatukuwahi kuwa na mahali pa kuhesabia. Enzi za santuri, Nairobi ilikuwa kitovu cha muziki wa Afrika Mashariki. Waimbaji Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi studio za Equator, wanamuziki wa benga wakajazana barabara ya River Road, na duka la Melodica kwenye barabara ya Tom Mboya likafunguliwa mwaka 1971 na kuwa mahali ambapo mtu aliingia akitafuta wimbo wa Kijaluo, Kikuyu, Kikamba au rumba ya Kikongo na kutoka nao. Santuri ilikuwa kitu cha kushikika. Aliyeichapa alijua amechapa ngapi, na aliyeiuza alijua amebaki na ngapi. Ndiyo maana hadi leo tunaweza kusema kwamba "Lunch Time" ya Gabriel Omolo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutajwa kuwa iliuza nakala zaidi ya 150,000. Jiulize ni wimbo gani wa Kenya wa miaka ishirini iliyopita ambao mtu anaweza kuutajia idadi ya namna hiyo.

Lakini hata wakati huo idadi ilikuwa ya mwenye kiwanda na mwenye lebo. Mwimbaji aliambiwa. Wengi walilipwa mara moja studioni, wakasaini, na hawakuwa na haki ya kuuliza tena. Joseph Kamaru, mwimbaji wa Kikuyu, aliliona hilo mapema. Alisimamia kazi zake mwenyewe na kuwa na duka lake la muziki mjini, ili kila santuri ya sauti yake ipite mbele ya macho yake. Baada ya kifo chake Oktoba 2018, mjukuu wake, msanii anayejulikana kama KMRU, ameziweka baadhi ya kazi hizo kwenye Bandcamp, ambako msikilizaji wa Berlin akinunua wimbo mmoja, mauzo huandikwa saa ile ile. Babu alilazimika kufungua duka ili apate kile ambacho mjukuu anakipata kwa kufungua ukurasa.

Baada ya santuri, kaseti ndiyo iliyovunja hesabu. Redio yenye matundu mawili ya kaseti ilimgeuza kila mtu kuwa kiwanda, na kuanzia hapo aliyerekodi hakujua tena nakala halali zinaishia wapi na bandia zinaanzia wapi. Serikali ilijaribu kurudisha hesabu kwa kibandiko. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikaweka alama ya usalama ya kubandikwa kwenye kila kaseti, sidii na dividii halali. Tanzania nayo ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013. Wazo lilikuwa zuri, kwa kuwa idadi ya vibandiko vilivyotolewa ingekuwa ndiyo idadi ya mauzo, na msanii angeweza kuiona bila kumtegemea msambazaji. Vibandiko vilipoanza kuzoeleka, wanunuzi walikuwa wameshaiacha sidii.

Walihamia kwenye flashi. Pale Kinoo, kama kwenye mitaa ya Nairobi, kuna maduka ya muvi: chumba chembamba, kompyuta moja, ukuta umebandikwa picha za filamu za Kikorea na za Kihindi. Mteja, mara nyingi dereva au kijana aliyenunua spika ya bluetooth, anatoa flashi mfukoni na kusema, "Boss, niwekee za Kikuyu za zamani, na rumba kidogo." Muuzaji hafungui nyimbo moja moja. Anafungua mafaili: mugithi, rumba, injili, rege, za klabu. Ndani ya kila faili kuna miksi za saa nzima za madijei, na jina lililoandikwa kwenye miksi ni la dijei. Nyimbo thelathini zimeunganishwa bila pumzi, majina ya waimbaji hayapo, ya watunzi ndiyo kabisa. Dakika chache, flashi imejaa, mteja amelipa pesa ambazo hazifiki nauli ya kwenda mjini na kurudi, na mwezi mzima abiria wa matatu ile watasikiliza kilichomo.

Tazama kilichotokea hapo. Kuna mauzo, kuna pesa, kuna wasikilizaji mamia kwa siku. Bado hakuna mahali popote duniani ambapo hata wimbo mmoja kati ya hizo thelathini umeongezewa moja kwenye hesabu yake. Simlaumu muuzaji, anafanya kazi inayohitajika mtaani. Nalaumu kwamba miaka yote hii hakuna taasisi iliyowahi kukaa naye, ikampa leseni rahisi na programu ya kuorodhesha alichouza. Mtu huyo ndiye anayejua kuliko mtafiti yeyote kile Kinoo inachosikiliza.

Kabla ya kufika mtandaoni, lazima tupite kwenye Skiza, kwa sababu ndicho kipimo pekee cha kweli kabisa ambacho Kenya imewahi kuwa nacho. Kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua huduma hiyo mwaka 2009: badala ya mlio wa kawaida, anayekupigia anasikia wimbo uliouchagua, na salio lako linakatwa kidogo kidogo. Hakuna nakala bandia ya Skiza. Kila mwenye wimbo kwenye laini yake yumo kwenye kompyuta ya kampuni, kwa tarehe na kwa shilingi. Kwa waimbaji wengi wa injili na wa lugha za nyumbani, hizo zikawa pesa za kwanza za uhakika kutokana na wimbo uliorekodiwa.

Hata hivyo Skiza ina mambo mawili ambayo yanafaa kuangaliwa kwa makini. La kwanza, anayelipa siye anayeusikia wimbo. Mtu huchagua kile anachotaka wengine wakisikie wanapompigia, na ndiyo maana injili na nyimbo za heshima hufanya vizuri huko kuliko zile ambazo mtu yule yule hucheza usiku klabuni. Kwa hiyo kinachopimwa ni sura ambayo watu wanataka kuonyesha. La pili, hesabu kuwa sahihi hakukuleta amani. Kati ya Safaricom na msanii kulikuwa na kampuni za kati zilizopeleka nyimbo, kulikuwa na kodi, kulikuwa na vyama vya mirabaha, na malalamiko juu ya mgawanyo yakafika mahakamani na Ikulu. Msanii alipewa jumla bila njia yake mwenyewe ya kuithibitisha. Kujua idadi ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kuikagua ni jambo jingine. Bila ukaguzi, msanii wa Skiza yuko pale alipokuwa mwimbaji wa santuri: anaambiwa.

Sasa twende kwenye kanuni ambayo dunia nzima imeizoea. Desemba 2014 Billboard ilikubali kwamba watu hawanunui tena albamu, wanazisikiliza mtandaoni, na ikatafuta njia ya kugeuza usikilizaji uwe albamu. Ilianza kwa kusema mara 1,500 za kusikiliza nyimbo za albamu ni sawa na albamu moja iliyonunuliwa. Julai 2018 ikatenganisha wasikilizaji: wa kulipia, mara 1,250 ni albamu moja, wa bure wanaovumilia matangazo, mara 3,750. Viwango hivyo si sheria ya maumbile, na vimekuwa vikirekebishwa kadiri wakubwa wa biashara hiyo wanavyovutana. Lakini mantiki yake inabaki ile ile: sikio la mwenye kulipa lina uzito kuliko sikio la asiyelipa.

Chukua kijana wa Kinoo anayesikiliza bure, nyimbo 30 kwa siku, zote za albamu moja. Kwa kanuni ya 2018 atahitaji siku 125, zaidi ya miezi minne, ili usikilizaji wake uwe albamu moja. Mwenzake mwenye kulipia, kwa kiasi kile kile, atafika kwa siku 42 hivi. Ni kweli kwamba orodha kuu za Billboard zinahesabu wasikilizaji walioko Marekani, kwa hiyo kijana wetu hayumo kabisa. Ila kanuni ya aina hiyo imeshakuwa lugha ya biashara nzima, na pesa zinafuata mkondo huo huo. Huduma kama Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, hukusanya mapato nchi kwa nchi na kuyagawa kwa mujibu wa usikilizaji, na ada ya mwezi ya Kenya ni ndogo sana ukilinganisha na ya Marekani. Kwa hiyo jamaa yetu aliyehamia Lowell, Massachusetts, kwenye jamii kubwa ya Wakenya, akiucheza wimbo wa Samidoh, mwimbaji wa Kikuyu, mara moja kwenye akaunti ya kulipia, anamnufaisha mwimbaji kuliko jirani aliyeucheza mara kadhaa hapa nyumbani. Wanamuziki wa Kikuyu wanaoenda Marekani kila mwaka kuwatumbuiza Wakenya wa huko hawakuhitaji mtaalamu kuwaeleza hilo.

Kuna kizingiti kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Tangu mwanzoni mwa 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Kampuni ilieleza kwamba vijisenti hivyo havikuwa vikimfikia msanii na vilikuwa vikivutia matapeli. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini fikiria mwimbaji wa Kiembu au Kimeru ambaye wasikilizaji wake wengi wako redioni na kwenye flashi. Nyimbo zake kumi zenye mara 700 kila moja ni kazi halisi yenye watu halisi, na zote zinahesabiwa sifuri.

Majukwaa yaliyojengwa kwa ajili ya simu za bei nafuu yalielewa soko letu vizuri zaidi. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuuza hisa zake Copenhagen mwaka 2020, iliwaacha watu wapakue nyimbo bure na kuwagawia wasanii mapato ya matangazo. Iliwahesabu watu waliokuwa wakipakua bila kuhesabiwa. Boomplay nayo ilikuja ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno. YouTube ndiyo redio kubwa ya kizazi cha gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi: "Lamba Lolo" ya kundi la Ethic mwaka 2018 ilijulikana kwa idadi ya watazamaji wake kabla vituo vingi vya redio havijakubali kuipiga. Na mwaka 2020 Diamond Platnumz alipofikisha watazamaji bilioni moja kwenye chaneli yake, Afrika Mashariki nzima ilipata takwimu ya kujivunia ambayo haikutegemea neno la msambazaji yeyote. Kosa letu ni kuchukua takwimu hizo kama picha ya nchi. Orodha ya Apple Music ya Kenya inaeleza wenye iPhone na kadi ya kulipia, na ya YouTube inaeleza wenye bando. Hakuna orodha inayoeleza abiria wa matatu.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini. Muziki unaochezwa hadharani, kwenye matatu, baa, saluni, hoteli, redio na televisheni, unalipiwa kisheria. Viwango vinachapishwa kwenye Gazeti rasmi la serikali, na wenye matatu na baa wanajua leseni hiyo vizuri kwa sababu wamekutana na wakaguzi wake. Kwa hiyo pesa zinakusanywa kutoka pale pale muziki unaposikika. Ndiyo sehemu pekee ambapo pesa na masikio vingeweza kukutana tena Kenya, na ndiyo sehemu ambayo hesabu imetushinda kabisa. Leseni ya matatu inasema gari hili limelipia muziki. Haisemi wa nani.

Mwaka 2019 chama cha mirabaha cha MCSK kilitangaza mgao ambao kila mwanachama, miongoni mwa maelfu, alipata takriban Sh 2,500. Wasanii maarufu walionyesha hasira yao mitandaoni, na umma ukaelewa kwamba pesa zimeliwa. Mimi naona kuna jambo lililozidi hata swali la nani amekula. Chama kinapogawa pesa sawa kwa sawa kati ya mtu ambaye wimbo wake unachezwa kila asubuhi na mtu ambaye hajawahi kusikika, maana yake ni kwamba hakina orodha ya kutosha ya kilichochezwa. Mgao wa sawa kwa sawa ni kukiri kwamba hujui. Na asiyejua namna ya kugawa kwa haki hawezi kuthibitisha kwamba hakuiba, hata kama hakuiba.

Tangu hapo tumebadilisha vyama zaidi kuliko tulivyobadilisha hesabu. KECOBO ilikuwa imeshawahi kuinyima MCSK leseni mwaka 2017 na kukipa chama kingine, MPAKE, na mwaka 2024 ikafanya hivyo tena, safari hii ikikipa chama cha PAVRISK, na kesi zikafuata. Kila mara mjadala umekuwa nani akusanye. Swali la ni wimbo gani ulichezwa, wapi na mara ngapi, limebaki nyuma, ingawa bila jibu lake chama chochote kitafika pale pale.

Mashine za kutambua wimbo kwa sauti zipo, na kufuatilia redio na televisheni si kazi ngumu tena. Zikianza na redio za Kikuyu za Kameme, Inooro na Coro kwa muziki wa huku kwetu, na vituo vya lugha nyingine kwingineko, picha itabadilika mwaka wa kwanza tu, kama ilivyobadilika Marekani. Lakini mashine hutambua tu wimbo uliosajiliwa. Nyimbo nyingi za River Road hazina namba ya utambulisho, nyingine zina majina matatu tofauti, na watunzi wake wengine wamefariki bila familia kujua kuna kitu cha kudai. Kazi ya kwanza ni ya makarani: kukaa na kuorodhesha.

Mugithi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Tangu enzi za Mike Rua, mtu mmoja na gitaa na mashine ya ngoma anakesha na watu, akiunganisha nyimbo za Kamaru na De Mathew, akipitia wimbo wa kanisani, akamalizia na kantri ya Don Williams, akibadilisha maneno kulingana na waliokaa mbele yake. Hakuna mashine itakayotambua hilo, na baa imelipia leseni. Kwingineko mpigaji hujaza karatasi ya nyimbo alizopiga usiku ule, na mirabaha ya watunzi hutoka humo. Hapa karatasi hiyo inaweza kuwa ujumbe wa simu. Mpiga gitaa ana sababu ya kuituma kama na yeye, kwa kuwa ni mtumbuizaji, atalipwa kitu kwa kila usiku ulioripotiwa.

Matatu na maduka ya muvi hayahitaji kuhesabiwa yote. Nigeria ilipata orodha yake ya TurnTable mwaka 2020 na Afrika Kusini ikapata yake rasmi mwaka 2021, zote zikianza na data iliyopatikana. Sisi tunaweza kuchagua njia chache za matatu, mathalani za mji wa Kikuyu, Rongai, Kayole na Thika, na kurekodi sampuli ya kila mwezi, jinsi wanavyofanya wapimaji wa watazamaji wa televisheni. Matokeo yachapishwe hadharani, wimbo kwa wimbo, ili msanii aliyeachwa aweze kusimama na kudai: nilichezwa Kinoo, mbona simo?

Afrika Kusini huchukua takriban robo tatu ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa Kusini mwa Sahara, kwa mujibu wa ripoti za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki. Hawasikilizi muziki mara tatu kuliko sisi wengine wote. Wana wasikilizaji wengi wa kulipia, na wana vyama vyenye rekodi ambazo mahakama na kampuni zinaziamini. Kampuni kubwa zinapopanga pa kuwekeza, zinafungua ripoti hizo, na nchi yenye safu tupu haiulizwi kwa nini ni tupu.